Ncha ya ufa: setilaiti zinavyofuatilia nyufa za barafu Antaktiki

Ukiketi kando ya dereva katika matatu ambayo kioo chake cha mbele kilishapigwa jiwe, huenda ukaona alama ndogo ya kalamu ya wino mzito mwishoni mwa ufa. Urefu wa ufa haumsumbui dereva sana. Kinachomsumbua ni kama ncha imevuka alama tangu jana. Ikivuka, gari linapelekwa kwa fundi Kirinyaga Road, atoboe katundu kadogo pale penye ncha na kumimina gundi, ili nguvu inayopasua kioo isambae badala ya kukusanyika pamoja.

Wanaofuatilia nyufa za barafu Antaktiki wanafanya kazi hiyohiyo, ila wanaweka alama wakiwa kilomita 693 juu. Kioo chao kina unene wa mamia ya mita, kinatembea, kinapanda na kushuka na maji ya bahari, na kwa miezi kadhaa ya mwaka hakipigwi na jua. Fundi wa kutoboa katundu hayupo, ingawa barafu yenyewe ina vitundu vyake, na tutavifikia.

Kwanza tujue kinachopasuka. Theluji inayoanguka bara la Antaktiki hujigandamiza kwa karne nyingi ikawa barafu, na barafu hiyo hutiririka polepole kuelekea pwani kama uji mzito uliomwagwa katikati ya sinia. Ikifika penye kina cha kutosha, huinuka kutoka sakafu ya bahari na kuanza kuelea bila kuachana na barafu inayoisukuma kutoka nyuma. Sehemu hiyo inayoelea ndiyo rafu ya barafu. Kubwa kuliko zote ni Ross, karibu kilomita za mraba 500,000. Kenya nzima ni kama 580,000.

Kwa kuwa rafu inaelea tayari, ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajika, kama vile kipande cha barafu kwenye glasi hakiifuriki glasi kikiyeyuka. Kazi ya rafu ni nyingine: imebanwa na milima kushoto na kulia, mara nyingine imekwama juu ya vilima vilivyo chini ya maji, na kwa hiyo inaisukuma nyuma barafu ya nchi kavu isikimbilie baharini. Mapema mwaka 2002 rafu ya Larsen B, yenye unene wa mita kama 220, ilivunjika kilomita za mraba 3,250 katika muda wa siku 35 hivi, picha za kila siku zikishuhudia. Baadaye barafuto, yaani mito ya barafu, zilizokuwa nyuma yake ziliongeza mwendo, nyingine mara mbili na nyingine hadi mara nane. Hiyo ndiyo barafu inayopandisha bahari, na ndiyo inayoihusu Lamu na Mombasa.

Si kila kipande kinachomeguka ni habari mbaya, hata hivyo. Kandokando ya rafu kuna barafu isiyoshikilia chochote, na kumeguka ni desturi yake tangu zamani. Siwa la barafu A-68 lilipotoka rafu ya Larsen C Julai 2017 likiwa na kilomita za mraba 5,800, zaidi ya mara nane ya Kaunti ya Nairobi, magazeti yalipiga mayowe, lakini barafu ya nyuma haikushtuka sana. Kwa hiyo anayefuatilia ufa ana maswali mawili: ncha inaenda wapi, na ikifika huko itakata kitu kinachobeba mzigo au kitu kinachoning'inia tu?

Ufa wa kweli na ufa wa juujuu

Uso wa rafu umejaa mipasuko. Mingi ni ya juujuu: inashuka mita kumi au ishirini, kisha uzito wa barafu unaibana isiendelee. Ufa unaotafutwa ni ule uliopenya unene wote hadi majini. Ndani yake hamna utupu. Kuna kachumbari ya barafu ya bahari, vibanzi vilivyoanguka kutoka kwenye kuta na theluji iliyopeperushwa na upepo, vyote vikiwa vimegandamana. Kachumbari hiyo ina kazi, kwa sababu inashika kuta mbili za ufa zisiachane kirahisi. Utafiti mmoja wa Larsen C uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa kukonda kwa kachumbari hii, zaidi ya kukonda kwa rafu yenyewe, kunatosha kuamsha ufa uliolala.

Ufa hauendi kwa mwendo wa saa. Unalala, unaruka, unalala tena. Kwenye rafu ya Brunt, ufa uitwao Chasm-1 ulikuwa umetulia kwa miaka 35 au zaidi hadi 2012, ukaanza kusogea. Ule wa Larsen C ulikaa muda mrefu ukigonga mikanda ya barafu laini, yaani ile inayoganda kutokana na maji ya bahari kwenye maungio ya mikondo miwili ya barafu. Mikanda hiyo ndiyo vitundu tulivyovitaja. Ncha ikifika hapo, nguvu inasambaa na ufa unakwama, pengine kwa miaka. Ukipita hapo, hukawii kusikia habari: kati ya tarehe 25 na 31 Mei 2017 ncha ya Larsen C ilisogea kilomita 17 na kugeuka kuelekea baharini. Kipimo cha kasi zaidi kinatoka rafu ya Pine Island, ambako tarehe 8 Mei 2012 ufa wa kilomita 10.5 ulifunguka kwa dakika tano na nusu hivi. Ni karibu umbali wa kutoka katikati ya jiji hadi Roysambu, tena kwa mwendo wa gari lililopata Thika Road tupu. Setilaiti ilitoa picha ya kabla na ya baada. Dakika zenyewe zilitoka kwenye vipima mitetemo vilivyokuwa juu ya barafu.

Picha ya mwanga: nzuri, lakini ina likizo ndefu

Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ndizo zinazovutia macho: pikseli ya mita 30 kwa rangi, mita 15 kwa ile bendi ya nyeusi na nyeupe. Landsat 8 na 9 kwa pamoja hurudi juu ya mahali palepale kila siku 8. Faida yake kubwa Antaktiki ni jua la pembeni. Chukua ukuta wa barafu uliosimama mita 40 juu ya kilichomo ndani ya ufa, jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho. Kivuli kitakuwa na urefu wa mita 40 gawanya kwa tanjenti ya 10, yaani mita 227 hivi, sawa na pikseli 15 za ile bendi kali. Kumbe ufa unaweza kupimwa kina kwa kivuli chake, mradi uwe mpana kuliko kivuli. Ukiwa mwembamba, kivuli kinaangukia ukuta wa pili na hesabu inatoa kina pungufu.

Kinachoharibu kazi ni mawingu na usiku. Wingu jeupe juu ya theluji nyeupe halitofautishwi kwa macho. Tumia bendi ya mikromita 1.6, ambako theluji inageuka nyeusi na wingu la matone ya maji linabaki jeupe. Usiku hauna dawa kama hiyo. A-68 ilimeguka Julai, katikati ya giza la majira ya baridi, na waliotaka kuiona walitegemea rada na picha za joto. Picha za joto zilisaidia kwa sababu maji ya bahari, hata yakiwa karibu kuganda, yana joto kuliko barafu iliyo chini ya hewa ya baridi kali, na mstari wa maji ukajitokeza. Ila pikseli ya picha hizo ilikuwa kama kilomita moja. Inatosha kusema siwa limetoka. Kusema ncha iko wapi, haitoshi.

Rada, na makosa ya wanaoianza

Rada ya Sentinel-1, setilaiti za Ulaya, hutoa mwanga wake yenyewe, mawimbi ya sentimita 5.5, kwa hiyo mawingu na giza haviihusu. Hapa Nairobi data hizohizo zinafahamika kwa kuchora mafuriko ya Tana na Budalang'i. Ni bure, na mtu mwenye kompyuta ya memori ya GB 16 na subira ya kungojea intaneti anaweza kuzifanyia kazi.

Rada hutazama upande, haitazami chini wima. Ukuta wa ufa unaoielekea setilaiti unang'aa, ule wa pili unazama kivulini. Ufa unaokimbia sambamba na mwelekeo wa kutazama unaweza kukosekana kabisa, hata ukiwa na upana wa matatu mawili. Dawa ni kutumia picha za njia ya kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na za njia ya kushuka (ikielekea kusini) pamoja, ili ufa uliojificha upande mmoja uonekane upande wa pili. Uzuri mwingine ni kwamba mawimbi haya hupenya mita kadhaa za theluji kavu, kwa hiyo daraja la theluji linalouficha ufa kwa mtu anayetembea juu yake halifichi kitu kwa rada. Theluji ikilowa kiangazi, mambo yanageuka: maji hunyonya mawimbi, picha nzima inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na ufa unapotea huku haujaenda popote. Kila Januari kuna mtu anayetangaza kuwa ufa umeziba. Angalia hali ya joto ya siku hiyo kwanza.

Hatua za kuandaa picha katika programu ya SNAP ni hizi, na tunazieleza pamoja na pale zinapoharibika. Pakua faili ya aina ya GRD (picha ya mng'ao iliyokwisha kulazwa juu ya ardhi), ile ya IW, namna ya kupiga picha ya upana mdogo, ikiwepo, kwa kuwa pikseli yake ni mita 10. EW, namna ya upana mkubwa, inafunika kilomita 400 lakini kwa pikseli ya mita 40, na kwa ncha ya ufa hiyo ni pikseli kubwa mno. Weka faili ya obiti sahihi, yaani rekodi ya njia setilaiti iliyopita, ambayo hutoka wiki kama tatu baada ya picha kupigwa. Ukiwa na haraka, ile ya muda hupatikana baada ya saa chache. Ondoa kelele ya joto ya mtambo, la sivyo kwenye EW utabaki na michirizi mirefu ambayo mgeni huichora kama nyufa. Kisha sawazisha thamani ziwe za mrejesho halisi, na uzigeuze kuwa desibeli ili macho yaone tofauti.

Picha itakuwa na chengachenga kama televisheni ya zamani isiyoshika chaneli. Vitabu vitakuambia upitishe kichujio. Ushauri wetu: kwa picha ya kuchapisha, chuja, lakini kwa kutafuta ncha, usichuje, au usizidi dirisha la pikseli 3 kwa 3. Ncha ni nyembamba kuliko pikseli, na kichujio huifuta kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyechuja kwa dirisha la 7 kwa 7 mwezi huu na 3 kwa 3 mwezi ujao atapata ufa uliokua, na mkuzaji ni yeye.

Kosa linalowakamata karibu wote wanaotoka kwenye kazi za Afrika Mashariki ni la modeli ya miinuko, yaani ramani ya kompyuta ya urefu wa ardhi. Ile ya SRTM, ambayo programu huichagua yenyewe na ambayo Kenya haijawahi kukuangusha, inaishia nyuzi 56 kusini. Antaktiki haimo. Matokeo yake ni picha tupu, na mtu anashinda mchana kutwa akidhani faili ilipakuliwa vibaya. Chagua modeli ya Copernicus ya mita 30. Ukiamua kuruka miinuko na kunyoosha picha kana kwamba kila kitu kiko usawa mmoja, jua gharama: kosa la mita 50 za urefu, kwa pembe ya kutazama ya nyuzi 38, husogeza kitu mita 64 upande. Njia ya kupanda inakisogeza huku, ya kushuka inakisogeza kule. Ukilinganisha picha mbili za njia tofauti, ufa umehama zaidi ya mita mia moja bila kuguswa na mtu. Tumia njia zote mbili kutazama, lakini pima kwa njia moja tu.

Kabla ya kuchukua rula, tandaza ramani kwa mfumo wa EPSG:3031 uliotengenezwa kwa Antaktiki. Ramani ya kawaida ya mtandaoni, ile tunayotafutia njia ya kukwepa foleni, huvuta kila kitu kadiri unavyokaribia ncha ya dunia. Kwenye nyuzi 75 kusini inavuta karibu mara 3.9, na ufa wa kilomita 10 unasomeka 39. Nyufa za kutisha zinazozunguka kwenye simu zimepimwa hivyo mara nyingi.

Alama iwe juu ya kioo

Turudi kwa dereva. Alama yake aliiweka juu ya kioo chenyewe, hakuiweka kwenye dashibodi. Kwa barafu jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi. Pine Island inatembea mita 10 hivi kwa siku. Kwa siku 12, ambazo ndizo Sentinel-1 moja huchukua kurudi kwenye njia ileile, barafu yote imesogea mita 120, ufa na ncha yake ndani. Ukipima kwa longitudo na latitudo, ncha imeenda mita 120. Ukipima kutoka kwenye alama iliyo kwenye barafu yenyewe, kwa mfano makutano ya mipasuko miwili ya juujuu, huenda haijasogea hata moja.

Kwa hiyo ramani ya mwendo inatangulia ramani ya nyufa. Inatengenezwa hivi: kata kijidirisha cha pikseli, tuseme 64 kwa 64, kwenye picha ya kwanza, kitafute kwenye picha ya pili, andika kimehamia wapi, rudia maelfu ya mara. Chengachenga na mikunjo ya uso wa barafu ndiyo alama za vidole zinazofanya kijidirisha kitambulike. Ukifanya vizuri, unapata usahihi wa sehemu moja ya kumi ya pikseli, yaani mita moja kwa pikseli ya mita 10, au sentimita 8 kwa siku ukigawanya kwa siku 12.

Hapo ndipo ufa unaanza kusema. Tuseme upande mmoja wa ufa unatembea mita 2.0 kwa siku na upande wa baharini 2.3. Ufa unapanuka sentimita 30 kila siku, mita 3.6 kwa siku 12. Kwenye picha ya pikseli ya mita 10 hakuna kilichobadilika, na mtu wa picha ataandika kuwa ufa umetulia. Ramani ya mwendo inasema umefunguka, na kwa kawaida pale tofauti ya kasi inapoanza kuonekana mbele ya ncha, ambapo jicho halioni ufa wowote, ndipo ncha inapoelekea. Ukiwa na pesa au muda wa kitu kimoja tu, tengeneza ramani ya mwendo uache picha.

Mistari ya rangi

Kuna njia kali kuliko hiyo, na Kenya inaijua. Rada hairekodi mng'ao tu, hurekodi pia wimbi lilirudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake. Ukichukua picha mbili za njia moja na kutoa moja kutoka kwa nyingine, unapata mistari ya rangi, na kila mzunguko mmoja wa rangi ni nusu ya urefu wa wimbi: sentimita 2.8 hivi za kusogea kuelekea setilaiti au kuikimbia. Ni kwa njia hii ilijulikana kuwa mlima Longonot ulivimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka kule Baringo sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, bila mkulima yeyote kuhisi. Linganisha na ule mpasuko wa Mai Mahiu wa Machi 2018: picha zake zilizunguka dunia zikidai Afrika inagawanyika, ilhali wataalamu wengi walieleza kuwa ni mvua iliyofukua majivu ya volkano kutoka kwenye mwanya wa zamani. Shimo linapigika picha vizuri, mwendo haupigiki.

Kwenye rafu ya barafu mistari ya rangi ina mgeni asiyejulikana Longonot: maji kujaa na kupwa. Bahari ikiinua rafu mita moja kati ya picha mbili, kwa pembe ya nyuzi 38 hiyo ni sentimita 79 kuelekea setilaiti, mizunguko 28 ya rangi. Kwa bahati njema, sehemu inayoelea huru hupanda yote kwa pamoja, hivyo mizunguko hiyo 28 inasongamana kwenye ukanda mwembamba ambapo rafu inapinda ikitoka kwenye ardhi. Ukanda huo ni zawadi, kwa kuwa unakuonyesha barafu inaanzia wapi kuelea. Penye ufa, mistari inakatika ghafla kama kanga mbili zilizoshonwa bila kulinganisha maua. Mahali maua yanapoanza kulingana tena ndipo ncha ilipo. Larsen C ilifuatiliwa hivyo, na ncha iliwekwa mahali sahihi kuliko picha ya kawaida inavyoweza, kwa sababu barafu iliyo mbele ya mwanya unaoonekana ilikuwa tayari imeachana chini kwa chini.

Njia hii ina wivu. Theluji mpya ikianguka, upepo ukiparua uso, au joto likayeyusha tabaka la juu, picha mbili hazifahamiani tena na rangi zinageuka mchanga. Kila siku inayoongezeka kati ya picha huongeza hatari. Sentinel-1B ilipoharibika Desemba 2021, muda wa kurudi ulipanda kutoka siku 6 hadi 12, na sehemu nyingi zenye barafu inayotembea haraka zikapoteza mistari yake hadi pacha mpya, 1C, ilipopaa Desemba 2024. Julai 2025 ikafuata NISAR ya Marekani na India, yenye mawimbi ya sentimita 24. Wimbi refu halishtuliwi sana na theluji chache, kwa hiyo linastahimili pale fupi linapopotea.

Leza, kwa ufupi

Setilaiti ya ICESat-2 hurusha leza ya kijani mara 10,000 kwa sekunde, kipimo kila sentimita 70 hivi chini. Inapovuka ufa unapata mkato wake: ukuta, kachumbari chini, ukuta wa pili. Kutoka kwenye urefu ulio juu ya maji unakokotoa unene, kwa kuwa barafu ina uzito wa kilo 917 kwa mita ya ujazo na maji ya bahari kama 1,028. Mita 30 juu ya maji zinatoa unene wa mita 278. Lakini theluji ya juu ina hewa. Ikiwa jumla ya hewa hiyo ni sawa na mita 10, unene halisi ni mita 195 tu. Anayesahau hewa amejenga rafu nene kwa mita 83 zisizokuwepo, kisha anashangaa modeli yake haivunjiki. Tatizo lingine ni kwamba leza hupita mstari mwembamba na kurudi baada ya siku 91. Kuvuka karibu na ncha ni bahati.

Utabiri

Kompyuta sasa hufundishwa kuchora nyufa zenyewe, na zinafanya vizuri penye nyufa pana. Penye ncha hukosea kama wanafunzi: huchukua mifereji ya maji, vivuli na michirizi ya kelele. Mtu bado hukagua kilomita ya mwisho kwa mkono.

Kujua ncha iko wapi si kujua lini rafu itakatika. Kwenye rafu ya Amery kuna kipande kilichozungukwa na nyufa, kikabandikwa jina la Jino Linalolegea. Watafiti walitarajia kingeng'oka kati ya 2010 na 2015. Septemba 2019 kiling'oka kipande cha jirani, kilomita za mraba 1,636, jino likabaki kinywani.

Brunt ni tofauti kidogo kwa sababu kuna watu. Kituo cha Uingereza cha Halley VI kimejengwa kwa vyumba vinane vilivyo juu ya miguu yenye mbao za kuteleza, na Chasm-1 ilipoelekea kukitenga, kilikokotwa kwa matrekta kilomita 23 kuelekea bara, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa 2017. Tangu mwaka huo hakuna anayelala pale majira ya baridi. Kuzunguka kituo zimepandwa GPS zinazotuma vipimo kila siku, na picha za rada huwekwa juu yake.

Jumapili, 22 Januari 2023, siku moja baada ya mwezi mwandamo, maji ya bamvua yaliinua Brunt kama yalivyokuwa yakijaza magati ya Lamu siku hizohizo. Kati ya saa nne na saa tano usiku kwa saa za Nairobi, Chasm-1 ilikata kilomita zake za mwisho na siwa A-81, kilomita za mraba 1,550, likaachana na rafu. Kituoni kulikuwa na watu 21, na kituo hakikuguswa. Kwa A-68, iliyotegemea setilaiti peke yake, tarehe iliyoandikwa hadi leo ni "kati ya 10 na 12 Julai".